Wingu likikauka

Juzi asubuhi kioo cha dirisha kilikuwa kimejaa ukungu, mwanangu akachora samaki kwa kidole. Jua lilipopanda samaki akatoweka, ila pale palipokuwa na matone pakabaki vidoa vya uchafu. Akavitazama. "Baba, wingu nalo likikauka linaacha nini?"

Nikamwambia linaacha vumbi dogodogo. Hakuridhika. Nami sikuridhika, maana swali hilo lilishanikesha.

Kuna mwaka niliofanya kazi ya modeli. Kazi ilikuwa kuiga tone moja la wingu ndani ya kompyuta. Mimea hutoa gesi iitwayo isopreni, hewa huioksidisha, na katika yanayopatikana imo glaioksali, gesi inayoyapenda maji kupita kiasi. Ikizama kwenye tone hukutana na radikali za haidroksili, vipande vya molekuli vyenye pupa ya kumenyuka, ikageuka asidi ya glaioksili, kisha asidi ya oksali, na mwisho kabisa kaboni dioksidi. Sasa, mawingu mengi hayanyeshi, hukauka tu. Kilichoundwa ndani ya tone kisichoweza kuruka na mvuke hubaki angani kikiwa chembe. Hiyo ndiyo erosoli niliyokuwa naisaka.

Wiki nzima programu ilinigomea. Mmenyuko mmoja huisha kabla hujapepesa, mwingine huchukua saa, na kompyuta lazima iifuate yote kwa pamoja. Usiku ule ikakubali. Mkunjo wa oksali, yaani mstari wa kiasi chake kwenye grafu, ulipanda taratibu, ukaja kulala juu ya nukta za vipimo kama uliochorwa kwa kuzifuata. Nikasimama, nikaizunguka meza, nikakaa tena. Nikajumlisha kaboni: iliyoingia ndiyo iliyotoka. Saa nane usiku nikamtumia mwalimu wangu grafu, hata salamu sikuweka.

Ningelala hapo ningekuwa salama. Badala yake nikalifungua faili la mimenyuko, nadhani kwa raha tu, kama mtu anayeirudia barua iliyomfurahisha. Nikafika kwenye oksali. Asidi hii ndani ya maji ina sura tatu: iliyo nzima, iliyopoteza hidrojeni moja, na iliyopoteza mbili. Maji ya wingu yakiwa na pH (kipimo cha uasidi) ya 4, iliyo nzima karibu haipo. Zilizopo ni ioni, yaani zile mbili zilizopoteza hidrojeni. Na katika jedwali nililotumia, haidroksili huzila ioni hizo kwa kasi ya zaidi ya mara 100 ya inavyoila iliyo nzima.

Kwangu mistari yote mitatu ilikuwa na namba moja ya kasi: milioni 1.4. Ileile, ileile, ileile. Niliandika wa kwanza, nikanakili chini yake mara mbili, nikijiambia nitarekebisha kesho. Kesho yenyewe ilikuwa imepita miezi miwili.

Kumbe oksali yangu ilidumu kwa sababu nilisahau kuiua. Na hesabu ya kaboni isingenishtua hata kidogo, kwani yenyewe huuliza kaboni zipo ngapi, haiulizi zimekaa wapi kwa muda gani.

Nikarekebisha, nikaendesha upya. Mkunjo ukapanda, ukafika kileleni, ukaporomoka hadi chini kabisa ya nukta. Nikautuma nao. Jibu likaja alfajiri, maneno mawili: "Unaamini upi?"

Baadaye tuliingiza misombo mingine inayoigombea haidroksili ileile, mkunjo ukainuka kidogo. Tukaweka chuma, ambacho kikishikana na oksali mwanga huivunja, ukashuka tena. Nukta zile hatukuzifikia vizuri tena kama usiku ule wa makosa, na mpaka leo siku nyingine huwa nautamani.

Grafu zote mbili ninazo. Nilimtolea mwanangu azione, akauliza nani kachora ipi. Nikasema zote ni zangu. Akazipitia kwa kidole, nukta moja moja, kisha akaichukua ile ya kwanza akaenda kuibandika kwenye kioo.