Nimeacha pombe, baa sijaiacha

Naishi Sinza, si mbali na kituo cha Kwa Remmy, kile kinachobeba jina la marehemu Remmy Ongala, mwanamuziki. Anayeijua Sinza anajua: ukitoka kwako jioni kufuata mkate dukani utapita baa kadhaa, na kwenye kila moja kuna mtu atakuita. Kazi ninayofanya niliunganishiwa na mtu niliyezoeana naye kaunta. Kiwanja changu cha Goba nilikisikia nikiwa kwenye kiti cha plastiki nasubiri kitimoto. Mama alipolazwa, mchango wa kwanza ulipitishwa kwenye meza hiyo hiyo, kabla hata ndugu wengine hawajapata taarifa. Kwa hiyo daktari aliponiambia pombe basi, sikuwaza bia. Niliwaza watu wangu nitawapata wapi.

Ni presha. Kipimo kilisoma 160 kwa 100, wakakirudia wiki iliyofuata kikasoma karibu na hapo hapo. Nikaandikiwa amlodipini, kidonge kimoja kila siku, nikaambiwa nipunguze chumvi, nitembee kwa miguu, na pombe niiache kabisa kwa kuwa nayo inapandisha presha. Mimi nilikuwa mnywaji wa mwisho wa wiki, na mwili haukunisumbua nilipokata. Hilo nalisema mapema kwa sababu anayekunywa kila siku kuanzia asubuhi hali yake ni nyingine. Huyo asikate ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kutetemeka, hata kupata degedege. Aanzie hospitali.

Wengi walinishauri nibadilishe marafiki. Kwa mtu ambaye pombe imemshika ushauri huo ni mzuri, na nimeona watu umewaokoa. Kwangu mimi kubadilisha marafiki ilikuwa sawa na kuhama mji. Nikaamua nitabaki, ila nitafute namna ya kukaa.

Baani kuna jibu moja linalokubalika bila maswali: "Niko kwenye dozi." Ukilitamka hilo hakuna atakayekusukumia glasi. Lakini dozi ina mwisho, na wiki mbili tatu zikipita wataanza kukuuliza dozi gani hiyo isiyoisha. Nikaona bora niseme ukweli siku ya kwanza, tena mbele ya meza nzima, nisirudie tena.

Nilipoagiza maji makubwa, jirani yangu fundi magari aliniangalia.

"Vipi, umeokoka?"

"Hapana, kaka. Ni presha. Daktari amekataza na mimi nimekubali."

"Hata moja? Ya moto?"

"Hata moja."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano marefu. Hayakuja. Mmoja alisema baba yake alipooza upande mmoja kwa ajili hiyo hiyo, meza ikatulia kidogo, kisha mtu akarudisha mazungumzo ya usajili wa Yanga. Baadaye, nilipokwenda kunawa, fundi alinifuata pale kwenye beseni akaniuliza kwa sauti ya chini: "Hivyo vidonge vyako vinaitwaje? Mimi asubuhi kichwa kinaniuma mno." Nikamwambia asiguse vidonge vya mtu mwingine, aende akapime. Alikwenda, na leo naye anatumia dawa. Kwa mazungumzo yale ya kwenye beseni peke yake, nashukuru kwamba sikuihama ile meza.

Kilichohitaji akili zaidi ni raundi. Meza ya baa ina hesabu zake: kila mmoja anazungusha kwa zamu, na mhudumu anajua vizuri nani bado. Mwenye maji anavuruga hesabu hiyo. Wenzangu waliona aibu kunizungushia maji ya elfu moja wakati wao wanapeana bia, na mimi zamu yangu ikifika nalipia bia za watu wanne. Haikuwa pesa nyingi kwangu, ila nilijua nikiendelea hivyo nitaanza kuhesabu, na ukianza kuhesabu marafiki umewapoteza. Soda nayo haikuwa suluhisho. Mwanzoni nilikunywa Stoney Tangawizi kila raundi ilipopita, hadi nikajiuliza naokoa nini. Sukari yake ni nyingi, na mwenye presha anatakiwa kuchunga uzito.

Nikaamua kulipia nyama badala ya raundi. Sasa nikifika, kabla sijakaa, napita jikoni. Mchomaji pale kwetu ni kijana mwenye mkono mwepesi. Mbavu za mbuzi anazining'iniza kwenye ndoano mbele ya banda, wewe unaonyesha kwa kidole, anakata, anaweka kwenye mizani, anakuuliza kilo au kilo na nusu. Namwambia chumvi asiipake, aweke pembeni, kila mtu ajichovyee mwenyewe. Halafu anaiweka nyama ile mbichi juu ya moto upande wa makaa yaliyopoa kidogo, mafuta yanaanza kudondoka, na mimi naenda kukaa nikijua nina karibu saa nzima ya mazungumzo kabla ya sinia kuja. Inaletwa imekatwakatwa, ina kachumbari, pilipili, ndizi za kuchoma na ndimu. Nusu ya ndimu moja naikamulia kwenye glasi yangu ya maji. Tangu nyama iwe yangu, hakuna aliyewahi kuuliza raundi yangu iko wapi, na maji wananizungushia bila aibu.

Muda nao nimeupanga. Mazungumzo ninayoyafuata mimi huanza saa 12 jioni watu wakitoka kazini na hufika kileleni kabla ya saa 3 usiku. Hapo ndipo utasikia nani kafiwa, nani anauza gari, mtoto wa nani amekosa ada. Baada ya hapo sauti zinapanda na habari zinarudiwa, na mwenye akili kavu anachoka haraka kuliko anavyodhani. Naondoka saa 3, isipokuwa Simba na Yanga zikiwa zinacheza. Naaga meza nzima na kumpa kila mtu mkono, maana anayetoroka kimya huachia watu maswali. Na jambo moja nililikataa tangu mapema: kufanywa dereva wa wote. Jirani wa mtaa mmoja nampakia. Wengine nawaitia bajaji.

Baa nilidhani ndiyo ingekuwa ngumu. Kumbe ngumu ilikuwa nyumbani.

Sisi ni Wachaga wa Kibosho, kule Moshi, na Desemba ikifika tunapanda kwetu. Kutoka Dar hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500, na wiki ya Krismasi stendi ya Magufuli pale Mbezi hujaa watu wanaoelekea huko huko. Kwenye kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, makaburi ya babu na bibi yako chini ya migomba, na shughuli hufanyika hatua chache kutoka hapo. Mbuzi anachinjwa, mtori unapikwa, na mbege inatolewa.

Asiyetoka kwetu anaweza kuona mbege ni pombe tu ya kienyeji. Kwetu ni kazi ya mikono ya mtu unayemfahamu. Shangazi huanza siku nyingi kabla: ndizi zinaivishwa, zinachemshwa kwenye pipa, zinaachwa zichache, zinachujwa, kisha zinaunganishwa na uji wa ulezi ulioota ukakaushwa na kusagwa. Gome la mti wa msesewe ndilo linaloipa uchungu wake. Kuni za kazi hiyo anazitafuta yeye, moshi wake unaingia macho yake. Ukiikataa kata iliyotoka kwa shangazi mbele ya ukoo, hujakataa kilevi, umemkataa shangazi. Na anayemimina ni baba mkubwa, mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, ambaye huonja kwanza ndipo akupe, kama mila inavyotaka.

Mambo ya wazee hayaamuliwi uani mbele za watu. Nikampigia simu wiki kadhaa kabla ya safari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, baba. Mnakuja?"

"Tunakuja. Ila kuna jambo nataka nikuambie mapema." Nikamweleza presha, vidonge, na katazo la daktari.

Alikaa kimya muda, nikasikia redio yake nyuma. Kisha akasema: "Kata utaipokea. Ya kunywa hayo ni yako na daktari wako."

Siku yenyewe ilipofika alionja, akanipa. Niliipokea kwa mikono miwili. Povu lilikuwa juu bado, na makapi ya ulezi yameganda ukingoni. Harufu ile naijua tangu utoto. Nikagusisha midomo, nikamshukuru shangazi kwa jina mbele ya wote, nikampa kata binamu yangu wa kuliani. Ikaendelea na mzunguko wake. Baba mkubwa hakusema neno na hakuna mwingine aliyesema. Sasa hivi ndivyo tunavyofanya kila Krismasi, na wadogo zangu wawili ambao nao hawanywi, mmoja kwa sababu ya imani yake, wamefuata njia hiyo hiyo. Naona baba mkubwa alifanya jambo kubwa kuliko alivyojua. Alitenganisha kupokea na kunywa, na sisi tusiokunywa tukabaki ndani ya duara.

Kuna mahali baa na ukoo hukutana, nako ni kikao cha harusi. Hapa Dar vikao vingi hufanyika baani, kwa sababu mwenye baa hutupa eneo la nyuma bila malipo akijua kikao kikiisha watu wataagiza. Binti wa kaka yangu alipochumbiwa, tulikaa kila Jumapili jioni. Kaka alisimama akasema: "Mdogo wangu hunywi. Shika daftari." Nikawa mhazini.

Kazi hiyo inataka kichwa kilicho wazi. Katibu anasoma majina moja baada ya jingine: fulani, ahadi laki tatu, ametoa laki moja, baki laki mbili. Mwingine anatoa fedha taslimu pale pale, wa tatu anatuma kwa simu huku anaongea, wa nne anaongeza ahadi yake kwa furaha ya jioni ile. Mimi naandika, namsomea kila aliyetoa kiasi alichotoa, ananyoosha mkono kukubali. Ahadi iliyopandishwa usiku naiandika kwa penseli, kesho yake saa 4 asubuhi nampigia mhusika na kumuuliza kwa heshima kama bado anaona hivyo. Akisema ndiyo naipitisha kwa wino. Hakuna aliyekasirika kwa simu hiyo, na dada mmoja alinishukuru karibu kulia, kwa maana ile laki moja aliyoiongeza ilikuwa ada ya mtoto.

Nikiwa mhazini nilipata pia sauti kwenye kamati ya vinywaji, na hapo nilisimama imara. Harusini anayekunywa bia huhesabiwa kwa makini, chupa ngapi kwa kila kichwa. Asiyekunywa hutupiwa soda moja na chupa ndogo ya maji, na saa 4 usiku vyote vimekwisha. Walokole, wajawazito, Waislamu walioalikwa, watoto, wagonjwa kama mimi, wote hao wamechanga na wote wana kiu. Nilidai juisi ya matunda halisi na maji ya kutosha hadi mwisho wa shughuli, na mwenyekiti akapitisha. Usiku wa harusi, meza ya juisi ilikuwa na foleni kuliko kaunta ya bia, na wazee kadhaa niliowajua kwa bia niliwaona wamepanga foleni hapo na glasi zao.

Sehemu ambayo bado inanipa shida ni kuvunja kamati. Harusi ikiisha salama, wanakamati hukutana tena, hesabu zinasomwa, na kilichobaki kinanywewa na kuliwa usiku kucha. Sherehe hiyo ni haki yao, wamefanya kazi ngumu. Lakini hapo hakuna ajenda ya kumshikilia asiyekunywa, hakuna daftari tena, na saa 3 ikifika kuondoka kunaonekana kama kuwasusa. Mara iliyopita nilisoma mahesabu, nikakabidhi risiti kwa kaka, nikakaa kwa taabu hadi saa 5.

Sasa kuna harusi nyingine, ya mtoto wa dada, na vikao vimeshaanza. Nimependekeza safari hii kamati tuivunje Jumapili mchana kwenye uwanja wa nyumbani kwa kaka, wake na waume na watoto waje, mbuzi achomwe pale pale. Shemeji zangu wameafiki mara moja. Wanaume wawili wamesema watalifikiria.