Boksi la santuri kutoka Tanga, gundi ya seremala na maneno ya uchawa

Naandika hii kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba santuri za zamani zikishaingia vumbi na fangasi ndo basi tena, tupa. Mimi ninazo 43, zile sahani ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zimekaa mvunguni Tanga miaka na miaka na leo zinapiga. Zipo tatu nne bado zinakoroma, sikatai, lakini nyingine unasikia mpaka kidole kinavyoteleza kwenye uzi wa gitaa.

Nilizipata Ngamiani, hapo hapo Tanga, kwa mama mmoja mjane, marehemu mumewe alikuwa anafanya kazi kwenye mkonge na mshahara ukitoka lazima arudi na santuri. Nikamwamkia, tukanywa chai, tukaongea ya kuongea, ndo akaniambia, "Mwanangu umechelewa, alishapita mtu hapa kachagua za mapenzi zote, zimebaki hizi za chama, hazina mteja." Nikamwambia mama mimi nazitaka hizo hizo. Nilitoa kama elfu themanini hivi na nikaongeza ya sukari, nikapanda basi na boksi nimelipakata mpaka Dar, kondakta anataka liende kwenye buti nikakataa katakata.

Yule aliyenitangulia alisoma upande mmoja tu wa lebo. Mimi niligeuza. Upande huu unakuta Azimio la Arusha au wafanyakazi tujenge taifa, upande wa pili mapenzi matupu, mtu analia kaachwa, na gitaa linalia naye. Bendi za dansi za enzi hizo, NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, Jamhuri ya hapo hapo Tanga, wote humo. Kwa hiyo wewe unayeanza kukusanya, watu wakikimbia sahani kwa sababu ya kichwa cha habari wewe ishike, igeuze, halafu ndo uongee bei.

Sasa kusafisha. Hapa ndo nina hasira yangu. Kabla ya hizi za Tanga nilikuwa na sahani moja ya babu, ile nzito ya mizunguko 78, ya mwimbaji Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba. Jamaa mmoja anayejiita mtaalamu wa santuri, sitamtaja, akaniambia kwa kujiamini kabisa paka spiriti, spiriti inaua fangasi. Nikapaka. Pamba ikaanza kuwa nyeusi, nikafurahi nikajua uchafu unatoka, nikaongeza, nikasugua, kumbe sio uchafu, ni sahani yenyewe inayeyuka mkononi mwangu. Zile za 78 nyingi hazikutengenezwa kwa plastiki, zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu, na huo utomvu ndo mafundi fanicha wanauloweka kwenye spiriti wapate vanishi ya kupaka vitanda! Nilipoiweka kwenye mashine sindano ilipita kama inapita kwenye tope. Sauti ya Salum ilisikika kwa mbali sana, mara mbili tatu, ikapotea. Babu aliitunza kuliko baiskeli yake. Sijaitupa, ipo ukutani, na nilikaa miezi sijagusa sahani nyingine.

Kwa hiyo za Tanga nilianza kwa woga. Maji ya bomba hapana, yana chumvi, nilinunua maji ya betri sheli, yale safi yasiyo na asidi, nikaweka tone moja la sabuni ya vyombo na kitambaa laini cha kufutia miwani. Zikatoka nusu. Bado zilikuwa zinapiga kama mtu anakaanga vitumbua nyuma ya bendi, maana uchafu ule umelala ndani ya mifereji na kitambaa hakifiki huko.

Ndo nikaja kwenye gundi. Gundi nyeupe ya mafundi seremala, ile ya maji, ya kopo. Nilijaribu kwanza kwenye sahani iliyokuwa imeshapasuka, nikapaka nyembamba kama rangi, ikakauka, nikaanza kubandua ikakatika vipande vipande, nimekaa usiku mzima natoa ngozi ndogo ndogo kwa kucha. Ya pili nikajifunza, mwaga nyingi, nene, anzia nje ukienda ndani, lebo usiiguse hata kidogo, na kule pembeni bandika kipande cha kitambaa kiingie kwenye gundi kiwe cha kushikia. Halafu feni usiku kucha. Dar na hili joto la unyevu usiwe na haraka, ikiwa bado ina weupe popote iache, ikikauka vizuri inakuwa kama kioo unaona sahani chini yake. Asubuhi nikashika kile kitambaa, nikavuta polepole, ikatoka yote kwa pamoja, duara zima, jamani! Ile ngozi ukiinyanyua kwenye mwanga unaona mifereji yote imejichora, na vumbi la miaka hiyo yote limenata humo. Nikaweka sindano. Tarumbeta za NUTA zikaingia chumbani kama wamesimama mlangoni, vitumbua hakuna. Niliita nyumba nzima waje wasikie. Ila ya 78 usiguse na gundi wala spiriti, nakuomba.

Mtoto wa dada yangu alikuwepo siku hiyo. Akasikiliza maneno akaniambia, "Anko, hawa si chawa tu wa zamani?" Tulibishana mpaka chakula kikapoa. Neno chawa, yaani mtu wa kujipendekeza kwa wakubwa, limekuwa rahisi sana siku hizi. NUTA Jazz imeanza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, jina likabadilika kila chama kilipobadilika, Juwata, OTTU, mpaka ikawa Msondo Ngoma. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, ana mshahara, na gitaa ni la ofisi, ukiondoka unaliacha. Bendi za vijana, za polisi, za jeshi, za mashirika, mtindo ule ule. Kiwanda cha kugonga sahani hapa kwetu hakikuwepo, zinagongwa Nairobi, na mpaka wetu na Kenya ulipofungwa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mambo yakawa magumu zaidi, mama anasema mumewe hakununua tena baada ya hapo. Sasa mtu wa hivyo ameuza nini? Marijani Rajab, tuliyemwita Jabali la Muziki, siku zake za mwisho alikuwa anauza kaseti mbele ya nyumba yake, akafariki 1995. Angekuwa amejiuza tungeiona hiyo hela.

Simtetei kila mtu. Ninayo LP, santuri kubwa, ya Franco wa Kongo, ya 1984, ya kumpigia kampeni Mobutu, rais wa Zaire wakati huo, na ni serikali ya Mobutu huyo huyo iliyomfunga 1978. Gitaa lile ni tamu, na kila nikiipiga tumbo linanikaza. Na msanii wa leo mwenye studio yake, magari yake, anayepokea hela ya kampeni halafu uchaguzi ukiisha hasemi lolote, huyo namhukumu kuliko mpiga tarumbeta wa 1967, kwa sababu huyu ana pa kukataa.

Na mimi mwenyewe nimeitwa msaliti. Kuna dalali anayewanunulia wakusanyaji wa Ulaya, mwanzoni alisema za siasa peleka jalalani, aliposikia upande wa pili akapanda mpaka laki sita kwa tatu tu. Nilikataa. Nilimuuzia mbili ambazo nilikuwa nazo pacha, nikapata kama laki mbili, nikanunua sindano mpya, maana sindano iliyochakaa inachimba mifereji na kazi yote ya gundi inakuwa bure. Rafiki yangu akasema nauza urithi wa taifa. Nakala moja imebaki hapa, inapiga, na nimeshairekodi. Sioni kosa langu.

Mwezi uliopita nilimpelekea mama nyimbo zote kwenye memori kadi, nikachomeka kwenye redio yake. Nikadhani atataka zile za mapenzi, nikawa nimeziweka mwanzo. Akasikiliza moja, akanyamaza, akaniambia marehemu alitembea kwa miguu na wenzake mwaka ule wa 67 kuunga mkono Azimio, wakarudi miguu imevimba, na kila akiweka sahani alikuwa anaanza na upande huo, amesimama. Akaniomba nirudishe nianze na huo.