Ninavyoamua kukiacha kitabu njiani

Dalili huanzia kwenye namba ya ukurasa. Kitabu kikinishika huwa sijui nimefika wapi. Nashtukia tu sura mbili zimepita na chai imepoa. Kikinichosha, namba zote ninazo kichwani: niko ukurasa wa 87, sura inaishia 94, kitabu kizima kina 412. Nikijikuta nafanya hesabu za kutoa katikati ya riwaya, najua kuna uamuzi unanisubiri.

Uamuzi wenyewe ulinisumbua kwa miaka. Siku hizi nina utaratibu, na nitaueleza hapa pamoja na njia nyingine nilizopitia kabla sijaufikia, maana baadhi yake bado nazitumia kwa kiasi.

Kwanza niseme kwa nini jambo dogo namna hii huwa gumu. Wengi tumelelewa na methali ya maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na shule ikamalizia kazi. Kitabu cha fasihi kilikuwa cha mtihani, na mtihani haukuulizi kama ulikipenda. Tulifundishwa kuchambua wahusika, dhamira na mandhari. Somo la kufunga kitabu katikati na kuendelea na maisha yako halikuwamo. Kwa hiyo mtu mzima na akili zake anasoma jambo ambalo hakuna aliyemtuma, lisilomfurahisha wala kumfundisha kitu, na bado anajiona mvivu akiliacha.

Pesa nazo zina sehemu yake. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walichapisha utafiti ambao mpaka leo hutajwa sana katika mazungumzo ya gharama isiyorudi, yaani kung'ang'ania jambo kwa sababu tu umeshalilipia. Katika jaribio mojawapo, watu waliokwenda kununua tiketi za msimu mzima wa tamthilia katika chuo kikuu kimoja cha Ohio waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walitozwa bei kamili ya dola 15, wengine wakapunguziwa dola 2, wengine dola 7. Tamthilia ni zilezile, viti ni vilevile. Lakini katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria maonyesho mengi zaidi kuliko waliopunguziwa. Katika nusu ya pili tofauti hiyo haikujitokeza tena waziwazi. Mimi nimejiona humo mzima mzima. Kitabu nilichokinunua kwa bei kali hunifunga kwa wiki za mwanzo, kisha uchungu wa pesa unaisha nami naanza kukiona kama kilivyo. Cha maktaba sikioni hivyo hata siku ya kwanza.

Kwa hiyo hesabu ninayojaribu kuifanya ni ya mbele, siyo ya nyuma. Nikisoma ukurasa mmoja kwa dakika mbili, kurasa 300 na ushei zilizobaki ni zaidi ya saa kumi. Pesa imeshakwenda, zile kurasa 87 zimeshakwenda, na vyote havitarudi nikimaliza wala nikiacha. Kilichobaki mkononi ni hizo saa kumi. Najiuliza: kama kitabu hiki ningepewa leo kikiwa kimeanzia hapa nilipofika, ningekianza?

Swali hilo lilinisaidia kupunguza hatia. Halikunisaidia kuamua, kwa sababu jibu lake hubadilika kufuatana na nilivyolala usiku uliopita.

Nikahamia kwenye kanuni ya kurasa. Inayojulikana zaidi ni ya Nancy Pearl, mkutubi wa Seattle: kipe kitabu kurasa 50, na kama hakijakuvuta, kiache. Aliyevuka umri wa miaka 50 anatoa umri wake kwenye 100, na jibu ndilo idadi ya kurasa anazodaiwa. Mwenye miaka 60 anasoma 40. Mwenye miaka 100 ana ruhusa ya kuhukumu kitabu kwa jalada. Naipenda kanuni hii kwa ucheshi wake na kwa heshima inayowapa wazee, na kwa riwaya za kawaida inafanya kazi. Kwangu ilikwama mahali pawili. Kurasa 50 za kitabu chenye kurasa 120 ni karibu nusu yake. Za kitabu chenye kurasa 900, mwandishi bado anapanga viti. Halafu nilianza kuzisoma hizo 50 kama mfungwa anayehesabu siku. Kitabu kilichonichosha ukurasa wa tatu nilikiburuta mpaka wa hamsini, nikangoja kengele. Kanuni ilikuwa imenipa saa ya kuuliza, jibu ikaniachia mwenyewe.

Ninachofanya sasa ni kuandika sentensi. Kabla sijaacha kitabu chochote nachukua kikaratasi, naandika sentensi moja tu inayosema kwa nini nakiacha. Si mapitio ya kitabu, wala hakuna atakayekisoma hicho kikaratasi. Sharti ni moja: maneno kama “kinaboa” na “si kizuri” hayaruhusiwi, maana hayo ndiyo ninayotaka kuyapatia maelezo. Nikishaandika, naangalia sentensi inamzungumzia nani. Inakizungumzia kitabu, au inanizungumzia mimi?

Mfano wa kwanza ulikuwa huu: “Kila jambo naambiwa mara mbili, mhusika analisema kisha msimulizi analifafanua.” Hiyo inakihusu kitabu. Tena inahusu mkono wa mwandishi, na mkono haubadiliki ukurasa wa 200. Nilikifunga bila majuto. Nyingine: “Watu wanne wamekufa na sijamkumbuka hata mmoja.” Hiyo nayo ni ya kitabu, ingawa nilijipa siku moja kabla ya kukiacha, kwa kuwa vifo vinne vinaweza kumpata mtu akiwa amesinzia.

Sasa angalia hii: “Majina yananichanganya.” Anayechanganyikiwa ni mimi. Kitabu kina familia kubwa, mababu na wajukuu wanarithishana majina, nami nilikuwa nakisoma vipande vipande, kurasa tatu leo, nne keshokutwa. Nilichora ukoo mzima nyuma ya bahasha, nikakipa Jumapili moja isiyo na shughuli, kikafunguka. Au hii: “Nasoma aya moja mara tatu.” Nilipoitazama nikagundua nimeiandika saa tano za usiku, na vitabu vyote huwa hivyo saa tano za usiku. Kile nilikihamishia asubuhi. Si kwamba kiligeuka kuwa kitamu ghafla, lakini angalau nilipokuja kukiacha baadaye nilikuwa na sababu ya haki.

Kuna sentensi moja iliyonidanganya mwanzoni, nayo ni “Mhusika mkuu ananiudhi.” Nilidhani ni sababu tosha. Lakini nikichunguza, vitabu vinavyoniudhi navisoma haraka. Nabishana navyo, napigia mistari, namsimulia mtu wa karibu upumbavu alioufanya huyo mhusika. Hasira na uchovu ni vitu viwili tofauti, na kitabu kinachonipandisha hasira bado kiko kazini. Siku hizi nikiona neno la hasira kwenye kikaratasi, naendelea kusoma.

Ugumu nao una kesi yake. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, ni kitabu chembamba sana, lakini anayekiendea akitarajia kisa chenye mwanzo, kati na mwisho atapotea mapema. Sentensi yangu ilikuwa “Sielewi nani anaongea wala tuko wapi.” Kwa mujibu wa utaratibu wangu, hiyo ni ya kwangu mimi. Nikabadilisha namna ya kusoma: nikaacha kutafuta kisa, nikakisoma taratibu kama ninavyosoma shairi, ukurasa mmoja kisha kimya. Sisemi nilikielewa chote. Nasema hamu ya kukiacha ilikwisha, maana ilitokana na kile nilichokidai kitabu ambacho chenyewe hakikuwahi kuniahidi.

Na yapo maombi ya talaka yasiyo na sababu. Nakaa na kalamu, sentensi haiji. “Sijui tu” ndiyo yote ninayopata. Hapo siachi wala siendelei. Nakiweka kando na kikaratasi chake kitupu ndani, nachukua kingine. Mara nyingi mwenye tatizo ni mwezi ule, au habari niliyoipata wiki ile, na kitabu hakina kosa lolote.

Vitabu vya maarifa vina sheria zao, na hapa mimi ni mkatili zaidi. Sentensi inayojirudia ni “Hoja nimeshaielewa.” Vitabu vingi vya aina hii vinamwaga hoja yote kwenye utangulizi na sura mbili za mwanzo, kisha zinafuata mifano, mifano, mifano. Mtu akishaelewa hajakiacha kitabu, amekimaliza mapema. Narudi kwenye ukurasa wa yaliyomo, nachagua sura moja inayonihusu, napitia faharasa kuona kama kuna jambo ninalolitafuta, basi. Mwandishi wa Kifaransa Daniel Pennac, katika orodha yake ya haki kumi za msomaji aliyoichapisha mwaka 1992, aliweka haki ya kuruka kurasa nafasi ya pili, na haki ya kutomaliza nafasi ya tatu. Naafiki mpangilio huo kwa vitendo: kabla ya kuacha, jaribu kuruka. Kuna kitabu cha historia nilichokuwa tayari nimekiandikia sentensi, nikaruka sura nzima ya nasaba za wafalme, nikaangukia kwenye sura ya biashara, nikakaa humo mpaka mwisho.

Swali ninaloulizwa na wenzangu wasiopenda utaratibu huu ni lile la “Je, kama kinanoga mbele?” Linaweza kuwa kweli. Dawa yangu ni ya kihuni kidogo: nafungua theluthi ya mwisho, mahali popote, nasoma kurasa mbili. Sitafuti kisa, natafuta lugha. Kama sentensi za huko zina uzito uleule na mazungumzo yana ukavu uleule, mbele hakuna kitakachonoga. Naharibu siri ya hadithi kwa kufanya hivyo, najua. Lakini kitabu ambacho nilikuwa nakiacha hakina siri kubwa ya kunilinda nayo.

Kinachobaki ni watu, na hilo gumu kuliko vitabu vyenyewe. Rafiki amekupa kitabu anachokipenda, amekiandika jina lako ndani, na kila mkikutana anauliza umefika wapi. Nimewahi kudanganya kwa kusoma muhtasari wa nyuma ya jalada. Haifai, atakuuliza kuhusu yule mjomba. Sasa namwambia ukweli na kumrudishia swali: “Nimefika sura ya tano, bado hakijanishika. Wewe kilikushika wapi?” Jibu lake hunisaidia kuliko kanuni yoyote ya kurasa. Aliyeniambia “subiri mama mkwe aingie” alinifanya nisubiri, na mama mkwe alistahili. Mwingine alifikiri kidogo akasema, “Unajua, nilikisoma nikiwa hospitali, sikuwa na kingine.” Tukacheka, nikamrudishia.

Kwenye kikundi cha kusoma mambo ni mengine. Pale siachi, kwa kuwa kusoma kwangu ni sehemu ya mazungumzo ya wengine, na kitabu kibovu mara nyingi huzaa mjadala mtamu kuliko kizuri. Ila nikiwa nimeishia njiani nasema nimeishia wapi kabla sijafungua mdomo kukosoa. Aliyesoma robo anaweza kuusema ukweli wa robo. Mwisho wa hadithi awaachie walioufikia.

Vilivyoachwa kwa sababu ya kitabu natoa, ama vinarudi maktaba siku ileile, kwa sababu nikivibakisha rafuni vinaanza tena kunidai. Vilivyoachwa kwa sababu yangu vinabaki, kikaratasi kikiwa kimechungulia kwa juu. Mara mojamoja navipitia. Sentensi nyingine huwa imeshapoteza maana kabisa, nami sikumbuki nilikuwa namaanisha nini.

Kwenye kimoja nilikuta nimeandika: “Maelezo ya bahari yamezidi, nami sina subira.” Nikakianza upya. Maelezo ya bahari ndiyo niliyoyapenda kuliko kitu kingine chochote humo, nilikuwa hata nayasoma kwa sauti. Kilichonishinda safari hii ni mazungumzo: kila mtu, kuanzia nahodha hadi mtoto wa miaka sita, anaongea kama mwanasheria. Nimekata mstari juu ya sentensi ya zamani, nimeandika mpya chini yake, na kitabu nimekipeleka kwa jirani anayependa sana mambo ya mahakama.