Siku yangu moja na madeni ya halmashauri

Saa 11 alfajiri natoka nyumbani Nyakato, hapa Mwanza, nikichelewa hiace zinajaa ndo basi tena. Mi ni mhasibu kwenye halmashauri moja huku kandokando ya ziwa, jina naliacha. Nashughulika na madeni, yani tunaowadai na wanaotudai, na hawa wa pili ndo wananijazia meza.

Saa 1 na nusu nipo ofisini. Naanza na Tausi, mfumo wa kompyuta wa mapato ya halmashauri, kuona makusanyo ya jana, hafifu sana. Mbalamwezi imekaa juu wiki hii, na mtu wa mbali anaweza kujiuliza mwezi na bajeti wapi na wapi, ila dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mwezi ukiwaka wavuvi wanapumzika, mwalo, pale mitumbwi inaposhushia samaki, unapoa na ushuru unapoa nao. Pamba nayo ina msimu wake, ule ushuru wa mazao asilimia 3 unaingia kwa fujo miezi michache halafu kimya. Mishahara na sehemu kubwa ya miradi inatoka Hazina, hayo mengine ndo mapato yetu ya ndani, yanapanda na kushuka hivyo. Nawaomba mlishike hili.

Saa 3 anaingia mama mmoja mwenye mgahawa. Alitulishia watu kwenye mafunzo mwaka wa fedha uliopita, vocha yake ya malipo ikazunguka meza zote, ikafika tarehe 30 Juni mwaka ukafungwa, likawa deni la nyuma ambalo mpaka lihakikiwe ndo liingie foleni ya malipo.

"Mwangaluka mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu, mwangaluka. Leo kuna lolote?"

Hamna. Anakaa kidogo, ananieleza kwamba ule mchele na samaki alinunua kwa hela ya kikoba, na kikoba kinamdai marejesho pamoja na riba kila mwezi wakati sisi hatumlipi riba hata senti. Sijui nimwambieje zaidi ya pole. Ila kwakweli kila akitoka nawaza kitu kilekile, kwamba huu ni mkopo, halmashauri imekopa kwa huyu mama bila kumuomba, bila kuandikiana riba wala tarehe ya kurudisha. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, ile ya 1982, inaturuhusu kukopa ila mpaka waziri aridhie. Sawa kabisa, hela za wananchi hizo. Lakini tukikopa kwa mama lishe hamna anayeuliza kibali, na kwenye mazungumzo yetu hatuiti hata kukopa, tunasema tu kifungu cha bajeti hakina hela.

Na msidhani ni mkopo wa bure. Fundi na wauza vifaa wameshatuzoea, wakituma bei zao kwenye NeST, ule mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, wanaweka na gharama ya kusubiri, kwahiyo bati la zahanati kwetu linakuwa ghali kuliko bati lilelile dukani. Riba tunalipa, imejificha kwenye bei, na wale ambao hawana mtaji wa kusubiri wanaacha kabisa kuomba kazi, tunabaki na walewale.

Saa 5 kikao. Ajenda ni stendi mpya na soko, na wazo la kutoa hati fungani, yani kukopa kwa wawekezaji na kuwalipa riba mpaka muda uishe, mfano unaotajwa ni Tanga. Ile ya mamlaka ya maji Tanga ya 2024 naifahamu vizuri, ilitafuta shilingi bilioni 53.12 kwa miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, watu wakajitokeza kununua kupita kiasi kilichotakiwa. Mmoja akasema si mnaona inawezekana. Inawezekana ndio, na mi naliunga mkono kwa moyo wote wazo la kukopa hadharani kwa kitu kinachozalisha. Ila nikaomba tupige hesabu pale pale, riba tu kwa deni zima ni zaidi ya bilioni 7 kwa mwaka, na Tanga wana wateja wa maji wanaolipa ankara kila mwezi, mwezi ukiwaka usiwake. Sisi tuna dagaa na pamba. Mwenye hati fungani tarehe ya riba yake ikifika haji kukaa kwenye benchi pale nje na kuambiwa kifungu hakina hela.

Mwingine akauliza mbona mjini wanajengewa tu barabara kupitia TACTIC, ule mradi wa miundombinu ya miji. Nikamwambia hiyo ni hela ya mkopo wa Benki ya Dunia, ipo kwenye miji 45, Mwanza na Ilemela wamo, lakini mkopaji ni serikali kuu na mlipaji ni serikali kuu. Hati fungani yetu tutailipa sisi.

Saa 8 mchana nikapita mwaloni kukagua mashine za POS, zile za kukatia risiti za ushuru. Mbili hazina chaji, nyingine ipo sawa. Nikarudi.

Kuanzia saa 10 mpaka jua linazama nilikuwa naandika rasimu ya taarifa kwa ajili ya kamati ya fedha. Nimependekeza stendi itenganishwe na mapato mengine, iwe na akaunti yake, na kabla ya kumuomba waziri chochote tuoneshe makusanyo ya miaka kadhaa mwezi kwa mwezi, na ile miezi mibovu iwemo. La pili, wazabuni walipwe kwa kufuata aliyetangulia, orodha ibandikwe ubaoni kila mtu aone yupo wapi. La tatu, jumla ya tunachodaiwa na wazabuni ikae ukurasa wa kwanza, juu ya jedwali la hati fungani, maana mwekezaji makini atauliza hao mnawalipaje kabla hajatupa chake.

Bosi ameisoma palepale amesimama. La kwanza na la pili kasema sawa, la tatu anataka niliweke kwenye viambatisho. Nimemwambia mkuu naomba libaki ukurasa wa kwanza, na kama lazima litoke basi alitoe yeye kwa kalamu yake. Kamati inakaa Alhamisi.