Kwani nani anakusubiri uandike?

Swali la mwanangu Zuu limenikaa rohoni tangu Jumanne, naona nisipoliandika hapa halitoki.

Wale wa siku zote mnaijua ripoti yangu ya Kiingereza ya mwisho wa mwezi. Nikampa Zuu aipitie kabla sijaituma. Akasoma huku kakunja uso, akasema Mama, grama haina shida, ila inachosha, mtu ataishia mstari wa pili. Nikamuuliza na we umejulia wapi haya? Kwa wasomaji wangu. Wasomaji wako! Nikacheka, nikamwambia mwanangu mi naandika Kiingereza cha ofisi tangu hujazaliwa. Akaniangalia, wala sio kwa dharau, akauliza kabisa kama anataka jibu: "Kwani Mama, nani anakusubiri uandike?"

Wifi kajifungua mapacha salama, ofisini kaingia bosi mpya, yote yamepita mi niko na swali langu. Naosha vyombo, nani anakusubiri. Niko kikaoni, nani anakusubiri. Jibu zuri limenijia jana (mshahara!), limeshachelewa.

Alhamisi nikamwambia haya nionyeshe hao wasomaji. Kumbe anaandika fanfiki, yani anawachukua wahusika wa anime yake (katuni za Kijapani) anawatungia hadithi mpya, sura moja moja anazipandisha kwenye tovuti ya Archive of Our Own. Sura ya kwanza kabisa kaandika juu pale, Kiingereza sio lugha yangu ya kwanza, nivumilieni. Enzi zetu ukisema hivyo darasa zima linakucheka. Hawa wamejaa huko chini kumtia moyo, mmoja kasifia kwanza ile sehemu ya mvua halafu kwa upole kamwonyesha kwamba kaanza na wakati uliopita, katikati karukia wakati uliopo. Na Zuu karudi kaandika aya nzima upya! Mi nikimwambia arudie insha ni vita. Tena ana beta wake, mtu wa kumpitia kazi kabla haijapanda, na yeye ni beta wa mwingine, kwa hiyo inabidi aeleze kwa nini sentensi fulani haikai, na ukishamweleza mwenzio kosa, la kwako unaliona mapema.

Nikagugo usiku huohuo, nikakuta mtafiti Rebecca Black alishaandika kitabu mwaka 2008 kuhusu vijana wa fanfiki, yumo binti aliyetoka China akahamia Kanada, naye aliwaomba wasomaji wamvumilie, wakamvumilia na kumsahihisha hukohuko. Misimu wanayotumia humo Zuu asithubutu kuipeleka kwenye mtihani, ila jamani, mtoto anaandika! Nimesoma sura zote, ya mwisho inakatika mlango unafunguliwa, nikamfuata chumbani nani kaingia? Akasema subiri kama wengine.

Ila Nuru, mtoto wangu mdogo, hapa kalala mdomo wazi, naona jino jipya linachungulia nyuma ya lile la utoto na la utoto wala halitikisiki. Linang'olewa hilo au linaachwa? Mwenye daktari wa meno anayewaweza watoto waoga aniambie.