Tuliikuta nje imeganda

Shemeji yangu alikua ameshaamua kabla hata hatujatoka nyumbani, anataka mashine kubwa, silinda mbili, cc 1000, yenye mataa mbele mpaka basi, na sababu yake ilikua moja tu, kwamba ukiamua kununua kitu nunua cha maana. Tulikua tunatafuta kwadi, ile pikipiki ya matairi manne, itupeleke katikati ya ziwa kipindi cha baridi ziwa likishaganda, tutoboe barafu tuvue samaki, alafu joto likirudi tuiingize kwenye njia za msituni, zile za mawe na mizizi na matope. Kazi mbili zisizofanana kabisa kwa mashine moja, na hela tuliyokua nayo ni ya mashine iliyotumika, kwaiyo siku hiyo tukapanga kuzunguka kuona tatu, jioni turudi na moja nyuma ya gari.

Mi ubishi wangu unatoka mbali, ujana wangu nimekaa sana gereji za pikipiki na pale nilichojifunza ni kwamba mashine isiyo na nguvu utafika nayo tu hata ukichelewa, ila isiyowaka ndo inayomaliza watu. Sasa hebu piga picha baridi ni -20, mko mbali na nchi kavu, jua linazama mapema, unabonyeza stata unasikia tik tik tik. Hapo hosipawa 90 zitakusaidia nini? Betri ya kawaida ya asidi baridi ikifika -18 hivi inapoteza karibu nusu ya nguvu ya kuwashia, na wakati huohuo oili nayo imekua nzito, injini inataka nguvu zaidi ili izunguke, yaani mwenye kutoa amepungukiwa na mwenye kudai ameongeza. Ndo maana watu wa baridi wanaweka oili nyepesi ya 0W au 5W, na wengi wanapendelea injini ya injeksheni, ile inayopuliza mafuta yenyewe kwa umeme, kuliko ya kabureta, maana kabureta kwenye baridi ile mpaka uvute choki na uibembeleze, na unyevu kidogo tu ukiganda mle ndani basi.

Ya kwanza kwenda kuiona ndo hiyo kubwa ya shem. Na kwakweli ilikua nzuri, siwezi kumbania, imeoshwa, plastiki zinang'aa, winchi mbele, usukani una hita ya mikono. Shem akakaa juu akashika usukani nikajua nimeshampoteza. Mwenye nayo kijana mchangamfu anaongea haraka, akawasha, ikawaka mara moja, shem akanigeukia akatabasamu kama ye ndo kaitengeneza. Mi nikavua glovu nikashusha mkono pale ubavuni mwa injini. Ya moto. Na hapo nje kumepoa mate yanataka kugandia mdomoni. Nikamuuliza kijana umeiwasha muda gani, akasema aah nilikua naisogeza tu hapa nimpishe mtu na gari. Labda ni kweli. Lakini mtu anayeuza mashine ya kutumia kwenye baridi akishaipasha moto kabla hujafika, kile kitu kimoja ulichokuja kukiona ameshakuondolea, hata kama hakukusudia.

Alafu kulikua na suala la uzito, na hili tulibishana ndani ya gari njia nzima. Mashine za daraja lile ukishajaza mafuta ni karibu kilo 400. Barafu haijali umenunua kwa furaha kiasi gani. Kipimo ambacho wavuvi wengi wanafuata ni kile cha Idara ya Maliasili ya Minnesota, barafu mpya isiyo na rangi, ile unaona mpaka maji chini, inchi 4 kwa mtu wa miguu, inchi 5 mpaka 7 kwa kwadi ndogo, hizo ni kama sentimita 13 mpaka 18. Na ikiwa barafu ni nyeupe ya theluji iliyoloa ikaganda tena, unazidisha mara mbili, kwasababu nguvu yake ni kama nusu. Tena hivo vipimo havimhakikishii mtu, unene unabadilika hatua chache tu mbele, penye mkondo au chemchemi chini kunakua kwembamba, ndo maana unatakiwa kutoboa kila baada ya mita 45 hivi unavosonga. Sasa mi nikamwambia shem, chukua kilo 400, jijumlishe wewe, jumlisha sleji, ile ya kuburuta mizigo kwenye theluji, yenye hema na keekee ya kutobolea na jiko na ndoo, alafu niambie mwanzo wa msimu wenzetu wakianza kuvua sisi tutakua wapi. Tutakua ufukweni tunawaangalia.

Shem akasema, "Shem wewe ni muoga." Nikamwambia ndio, na kuogelea sijui.

Lingine ni belti. Mashine kubwa nyingi hazina gia za kawaida, zina belti ya mpira inayokaa katikati ya puli mbili zinazobana na kuachia, unapiga mafuta inaenda, hubadilishi kitu. Raha sana kuendesha, na msituni mtu unamakinika na njia badala ya gia. Ila juu ya ziwa kuna kile kitu watu wanakiogopa kuliko baridi yenyewe, theluji ikiwa nzito inakandamiza barafu maji yanapanda juu, yanakaa chini ya theluji huyaoni, unaingia unakuta rojo la maji na theluji mpaka kwenye ekseli. Maji yakifika kwenye belti inateleza, injini inalia mashine haiendi. Sio kifo, kwenye boksi la belti huwa kuna plagi unafungua maji yatoke, unaiweka nyutro unapiga mafuta taratibu belti ikauke, na mtu makini anabeba belti ya akiba na spana zake. Mamilioni ya watu wanatumia belti na wanarudi nyumbani. Lakini kubadilisha belti umepiga magoti kwenye rojo na vidole havisikii, hapana, mi niacheni na gia zangu.

Ya pili sitaipotezea maneno. Ilikua ya michezo, nyuma inaendeshwa na cheni, tairi za mbele hazivuti, haina keria wala rivasi. Nzuri kwenye mchanga. Tulikaa pale muda wa salamu tu.

Ya tatu ilikua ya mzee mmoja, na huyu alishanipigia simu asubuhi kuniambia kitu kilichonifanya nimpende kabla sijamuona, akasema mashine imelala nje na sitaigusa mpaka mfike. Tukaikuta kweli imelala nje, kiti kina barafu ngumu, tairi zimeshikana na ardhi. Honda Rancher, cc 420, silinda moja, ya injeksheni, injini yao hiyo ya 420 ilianza kutoka 2007. Kwa macho ilikua ya kusikitisha, plastiki zimechunika, keria ya mbele imepinda, kiti kimezibwa na gundi ya karatasi. Shem hakushuka hata kwenye gari mwanzoni. Mi nikaweka mkono kwenye injini, ikawa kama nimeshika nondo usiku. Nikamwambia mzee washa. Akageuza ufunguo, akasubiri kidogo pampu ya mafuta ijaze, akabonyeza, stata ikazunguka kwa uvivu, mara moja, mbili, ya tatu ikashika. Ikanguruma juu kidogo alafu ikatulia. Moshi wa buluu hakuna, mvuke tu mweupe wa baridi ambao ukaisha injini ilivopata joto. Hapo ndo shem akashuka.

Tukaanza kuikagua. Dipstiki nikaitoa nikaangalia oili, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa ujue maji yameingia, hii ilikua kahawia safi. Raba za ekseli nikazipapasa zote, zikichanika tu grisi inatoka mchanga unaingia na joinisi imekwisha. Nikanyanyua mbele, nikashika kila tairi juu na chini nikaitikisa, ya kushoto ikacheza kidogo, beringi hiyo, nikamwambia mzee, akasema anajua na ameshaipunguza kwenye bei. Shem nikampandisha juu akazunguka uwanja kwenye theluji, kwanza anaendesha tairi za nyuma peke yake, alafu akaingiza za mbele, nikawa natembea pembeni naangalia kama zote nne zinakula, maana lile swichi linaweza kuwasha taa vizuri kabisa na difu la mbele lisifanye kitu. Zilikula. Gia zake unabadilisha kwa mguu lakini klachi haina mkono, inajiendesha yenyewe, mtu wa pikipiki anazoea kabla hajamaliza uwanja, shem alikua anasahau tu kwamba kuna gia ya tano.

Breki ndo nilikaa nazo sana. Nyuma ilikua ni dramu iliyofungwa kabisa maji yasiingie, na hiyo ni nzuri ziwani mradi sili iwe nzima, sili ikifa maji yanaingia hayatoki, usiku yanaganda asubuhi tairi hazizunguki. Nikamuuliza mzee, akanionyesha anavofanya yeye, akitoka kwenye rojo anaendesha kidogo huku amegusa breki zipate joto zikauke, na akipaki havuti hendibreki, anaiacha kwenye gia. Kitu kidogo, lakini mtu anayekijua ujue ameishi na mashine yake.

Wakati mi niko chini, shem akachungulia kwenye banda akakuta chini ya turubai kuna ya matairi matatu. Weee! Akaniita kama kaona dhahabu. Ndo zilikotokea hizi mambo, Honda walileta ya matairi matatu Marekani mwaka 1970, cc 90 hivi, tairi zimevimba kama puto, ya matairi manne ya kwanza ya kuuzwa madukani ikaja na Suzuki 1982, na zile za matatu zilikua zinapinduka mno mpaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuziuza. Shem akamuuliza mzee hii haiuzwi? Mzee akacheka akavuta turubai akafunika.

Tukaondoka na 420. Kilo 270 hivi, yaani shem akipanda peke yake na mizigo kidogo bado haijafika uzito wa ile kubwa ikiwa tupu. Nilitegemea atanuna njia nzima, na alinuna kweli, mpaka tulipoiingiza ziwani barafu ilipokomaa. Tulivaa makoti yanayoelea, shingoni tumening'iniza zile sindano mbili za kujivutia ukitumbukia, na mwendo pole, kwasababu chombo kikienda mbio kinasukuma wimbi la maji chini ya barafu na wimbi likifika karibu na ufuko barafu inaweza kupasuka. Kiti chake ni cha mtu mmoja, ukipakia mwenzio nyuma uzito unahama na usukani unakua mwepesi, kwaiyo mmoja anaendesha mmoja anatangulia kwa miguu na keekee anatoboa na kupima. Shem alitaka ye ndo aendeshe kila saa. Ekseli ya nyuma ikiwa ya moja kwa moja haibonyei sana ukifunga sleji nzito, inavuta tu, na hapo nilimuona anaipiga piga tangi kama ng'ombe.

Msituni sasa ikawa zamu yake kunisema. Ile ekseli ngumu, tairi moja ikipanda jiwe mashine nzima inaegemea upande, na kila mzizi unaufahamu kwa mgongo. Zile zenye shokapu kila tairi ya nyuma na ekseli zinazojitegemea zinapita hapohapo zimetulia, na chini kunakua na nafasi zaidi ya kuvuka mawe. Shem hakuniachia, kila tukisimama anashika kiuno, "Si ulisema shem, gia! Haya, gia zimenivunja mgongo." Na alikua na haki yake, kama safari zetu zingekua za msituni tu mi mwenyewe ningeenda kwenye belti na shokapu huru bila kubisha. Tulichofanya ni kushusha upepo wa tairi, hizi sio za gari, zinatumia psi 4 mpaka 7 tu kwa mashine nyingi na kila moja imeandikiwa kiasi chake, ile yetu tulikua tunaizidisha bila sababu. Ikalainika kiasi. Kwenye mteremko mrefu ndo akanyamaza kidogo, unaiacha gia ya pili injini inaishika yenyewe breki huzigusi.

Ile beringi ya mbele kushoto tuliibadilisha kabla matope hayajaanza, kazi ya mchana mmoja, na mwenye spana alikua shem, mi namshikia tochi na ananifokea nimulike vizuri.