Mshipa wa Shingo Ukibanwa: Kisu au Waya?

Mgonjwa akiambiwa kwamba ateri ya karotidi, ule mshipa unaopandisha damu ubongoni kupitia shingoni, imebanwa na mafuta, na kwamba inaweza kupanuliwa bila kupasua shingo, mara nyingi hukubali papo hapo. (Iliyoziba kabisa kwa kawaida huachwa.) Hofu ya kisu naielewa, lakini haitoshi kuamulia jambo zito kama hili.

Tiba yenyewe inahitaji ustadi mkubwa. Mgonjwa huwa macho. Huchomwa sindano ya ganzi kinenani, kisha daktari hupitisha waya mwembamba katika ateri ya paja hadi shingoni, akiufuata kwa picha za eksirei. Aghalabu hutangulia kufungua kichujio kidogo mfano wa mwavuli juu ya palipobanwa, ili kinase chembe zitakazobanduka zisifike ubongoni. Ndipo huachia stenti, wavu wa chuma unaojitanua wenyewe, na kujaza puto ndani yake. Puto hilo hubonyeza neva zinazopima presha pale karotidi inapogawanyika, hivyo mapigo ya moyo yanaweza kushuka ghafla; ndiyo maana atropini, dawa ya kuongeza kasi ya mapigo ya moyo, huwekwa tayari.

Hatari kubwa imo katika safari ya waya. Kwa wazee wengi tao la aota, ateri kuu itokayo moyoni, lina kona kali na magamba ya mafuta, na waya ukiligusa gamba unaweza kubandua kipande kitakacholeta kiharusi kilekile kilichokuwa kikizuiwa. Utafiti wa CREST, uliohusisha wagonjwa 2,502 wa Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba katika kipindi cha tiba asilimia 4.1 ya waliowekewa stenti walipata kiharusi, dhidi ya 2.3 ya waliopasuliwa shingo ili mafuta hayo yaondolewe. Mshtuko wa moyo ukawa asilimia 1.1 dhidi ya 2.3. Waliozidi takriban miaka 70 walinufaika zaidi na upasuaji. Kwa hiyo mzee wangu wa miaka 78 ningemshauri aulizie kisu kwanza, ilhali aliyewahi kupigwa mionzi shingoni ningemshauri aulizie stenti.

Linaloniuma zaidi ni kuchelewa. Jicho moja likiingia giza kwa dakika chache, au mkono ukilegea kisha ukapata nguvu, watu husema imepita, wakati ateri inayosababisha hali hiyo inafaa kushughulikiwa ndani ya siku 14. Anayechagua stenti ajue pia kwamba atameza aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, pamoja kwa angalau wiki 4. Mwenye vidonda vya tumbo vinavyovuja damu amweleze daktari kabla, maana dawa hizo zikikatizwa, damu inaweza kuganda ndani ya stenti.